Kioo cha Mwisho kwa Shangazi

Tangu nirudi Mwanza, kila mmoja wenu akinikuta njiani ananiuliza swali lilelile: "Picha ya shangazi iko wapi?" Hakuna anayeuliza kama nilikula, kama nililala, au kama bega langu limepona. Basi naandika yote mara moja, msome wenyewe, mniache ninywe kahawa yangu kwa amani.

Mnakumbuka jinsi ilivyoanza. Mchuuzi mmoja wa ngozi alitoka Butiama akaniletea neno la shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ndiye aliyenilea. "Mwambie Magesa aje na kamera." Hayo tu. Kwa miaka yote niliyozurura, Tabora, Kigoma, Kisumu, jeshini na kurudi, kila nilipopita nyumbani nilimwomba nimpige picha, na kila mara alinijibu kwamba uso wake haujapotea hata utafutwe kwenye karatasi. Nimepiga picha za maharusi walionuniana. Nimepiga picha za makarani wakiwa wameshika simu isiyounganishwa na kitu chochote. Lakini mtu aliyenilea sina hata kipande chake. Na niwaambie jambo ambalo sikuwaambia wakati ule: sura yake ilikuwa imeanza kunitoka. Sauti naikumbuka, mikono naikumbuka. Pua siikumbuki.

Nikasema, sasa shangazi amekubali mwenyewe. Nikafunga mzigo.

Mwanza hadi Musoma, kwa meli yenye marafiki wengi

Ningeweza kupanda lori, lakini mimi ni mtu wa starehe, nikachagua meli. Meli yetu ilikuwa na tabia ya mjumbe wa harusi: haikupita mahali bila kusimama, na haikusimama bila kukaa. Ukerewe tulisubiri pamba. Pamba ilipofika tukamsubiri mtu wa kuihesabu. Alipofika, ilibidi ale kwanza.

Nilikuwa na kamera yangu ya sanduku mnayoifahamu, ile iliyokatika mkanda, pamoja na filamu mpya ndani ya mfuko wa turubai. Niliuweka mfuko chini, pembeni mwangu, nikasinzia. Nilipoamka, juu ya mfuko palikuwa na gunia la dagaa, na juu ya gunia palikuwa na mama mnene wa visiwani, mwenye gunia lake. Dagaa hawakuwa wamekauka vizuri. Maji yao yalikuwa yameshuka taratibu, kwa heshima, hadi kwenye filamu zangu.

"Mama, umekalia kazi yangu," nikamwambia.

"Sijakalia kazi, nimekalia dagaa wangu," akajibu. "Hiyo kazi yako ni nini?"

Nikamwonyesha filamu zilizovimba. Akazinusa.

"Mwanangu, hizi zilikuwa zimeshaoza. Ungesema mapema ningekusaidia kuzianika."

Kisha akanipa dagaa mkono mmoja kama pole. Nilikula. Sikuwa na la kufanya, na kusema kweli walikuwa watamu.

Musoma, kwa bwana mwenye lenzi

Kununua filamu nyingine kungekuwa jambo rahisi kama Musoma ingekuwa na filamu. Nilielekezwa kwa Fundi Sefu, mpiga picha karibu na soko, Mmanyema mwenye kofia safi na maneno safi zaidi. Ukutani pa studio yake pametundikwa pazia lililochorwa ngazi za kasri na ndege mkubwa mweupe, asiyefanana na ndege yeyote wa ziwa letu. Mvuvi wa Mara akisimama mbele yake anaonekana kama amekwenda kumdai mfalme samaki wake.

Fundi Sefu aliitazama kamera yangu kwa huruma ile tunayompa mtu aliyefiwa.

"Ndugu yangu, unafanyaga kazi na hili sanduku la sabuni?"

"Linaniletea ugali."

"Ugali, ndiyo. Picha je?"

Akaingia chumba cha ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwa kanga ya mtoto mchanga. Akakifungua kunjo kwa kunjo. Ilikuwa kamera ndogo ya Kijerumani, inayoenea kiganjani, na lenzi yake iling'aa kama jicho la paka. Nakiri, nilitamani. Alinieleza habari za lenzi ile tangu adhuhuri hadi alasiri. Kwamba inaona penye giza. Kwamba inaona mbele kuliko macho. Kwamba wapiga picha wote wa kweli, kuanzia Nairobi hadi huko mbele, wameshatupa mikweche yao na kushika hii. Alipofika kwenye fundisho lake kubwa alisimama kabisa.

"Mtu ni uso. Msogelee. Miguu ya nini? Miguu yote ni sawa. Ukitoka hapa na neno hili moja, umesoma."

"Fundi, nionyeshe picha ulizopiga nayo."

Akaanza kuifunga tena ndani ya kanga.

"Filamu zake hazijafika. Nazisubiri meli."

"Meli ndiyo niliyokuja nayo."

"Basi meli ijayo."

Niligundua kwamba kamera ile haijawahi kupiga picha tangu imfikie. Mkate wake anaupata kwa kamera nyingine, kongwe kuliko yangu, ambayo huificha nyuma ya pazia mgeni akiingia, na filamu za hiyo nazo zilikuwa zimeisha. Mji mzima wa Musoma, wenye boma, soko, maduka na bandari, siku ile haukuwa na filamu hata moja ya kumpigia shangazi.

"Nenda Bunda," akasema kwa shingo upande. "Yuko mzee mmoja anaitwa Rajabu, mitaa ya Kabasa. Yeye hatumii filamu, bado anapigia picha kwenye vioo. Alinifundisha kazi zamani, kabla sijapata akili. Msalimie. Mwulize kama lile jeneza lake bado analibeba mwenyewe, au siku hizi anakodi wachukuzi."

Alinilisha sato wa kuchoma na ugali wa muhogo kabla sijaondoka, akanitolea na kitanda. Hilo nalisema ili haki itendeke.

Musoma hadi Bunda, kwa kupita nyumbani

Sasa wale mnaozijua njia za kwetu mtanicheka. Butiama iko kati. Mtu akitoka Musoma kwenda Bunda, anaipita njia panda ya Butiama. Mimi niliipita nikiwa juu ya magunia ya mtama, na kamera isiyo na filamu mapajani.

Pale njia panda alishuka mama mmoja, jirani wa shangazi, aliyekuwa amenitazama njia nzima bila kunitambua. Alipokanyaga chini ndipo akashtuka.

"Wewe si Magesa? Mbona hushuki?"

"Nafika Bunda mara moja, mama. Nafuata vifaa."

"Shangazi yako anafagia uwanja kila asubuhi anakusubiri. Unapitaga nyumbani kwenu ukifuata vifaa?"

"Mwambie nakuja."

"Hilo analijua," akasema. "Unakujaga. Ila ukishakuja unaondoka."

Lori likaondoka, nami nikalishukuru.

Bunda, kwa bwana mwenye jeneza

Fundi Rajabu ni mzee mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina, na vidole vyeusi kwa dawa za kusafishia picha. Nilimpa salamu za mwanafunzi wake kama nilivyotumwa. Alicheka hadi akakaa.

"Bado anabembeleza kile kiberiti chake? Kimeshapiga picha?"

"Kinasubiri meli."

"Mungu aizuie."

Hatukumaliza kuamkiana akaingia mvuvi mmoja, kijana wa rasini, ameshika picha yake kwa ncha za vidole. Ilikuwa kazi ya Fundi Sefu, nililitambua lile pazia. Uso umetoka vizuri, mabega, kifua, kisha basi.

"Nimekuja kuwekewa miguu," akasema mvuvi.

"Ya kwako iko wapi?" akauliza Rajabu, kana kwamba hajui.

"Ameibakiza Musoma! Nilinunua viatu kwa ajili ya picha hii. Nimempelekea mama, amelia. Ananiuliza ni mamba au ni nini. Majirani wakaja kumpa pole!"

Rajabu akanigeukia kama mwalimu aliyepata mfano wa kuchora ubaoni.

"Umesikia? Kwa watu wetu, ukimkata mtu miguu umemzika nusu. Mtu mzima ana mwanzo na mwisho. Miguu ikikosekana, utajuaje kama amesimama au anaelea?"

Kwa hiyo sasa nilikuwa na mafundisho mawili kutoka kwa mabingwa wawili: miguu haina maana, na miguu ndiyo kila kitu. Elimu ni kitu kizuri.

Kamera ya Rajabu ilikuwa ya mbao, kubwa kama kabati la sahani, na mbele imekunjwakunjwa kama kinanda cha mkono. Ilisimama juu ya miguu mitatu yenye ncha za chuma. Unajifunika kitambaa cheusi, unamtazama mtu kwenye kioo cha nyuma, na mtu huyo anaonekana kichwa chini miguu juu. Ukiridhika unafunga jicho la mbele, unachomeka kisanduku chembamba chenye kioo kilichopakwa dawa, kisichotakiwa kuguswa na mwanga kabla ya picha, unavuta kifuniko chake, kisha unabonyeza mpira ulio mwisho wa bomba. Na hapa alinishika mkono.

"Ukiubonyeza, jicho linafumbuka. Ukiuachia, linafumba. Kwa hiyo bonyeza, achia. Usimwangalie mtu ukasahau. Na anayepigwa asitikisike hata kope."

Alikubali kuniazima zana zote, kamera yangu ikabaki kwake kama mateka. Vioo alivyokuwa navyo ni vitatu. Cha kwanza kilikwenda kwenye somo, na somo lilikuwa kumpiga picha mwalimu. Alivaa joho, akashika fimbo, akanyoosha viatu vyote viwili kuelekea mbele visije vikasahaulika. Aliisafisha mwenyewe, akaitundika mwenyewe, akasema nina kipaji. Nilibaki na vioo viwili.

Kiabakari, tulipopata wataalamu wengine

Lori la kurudi liliharibika Kiabakari, na dereva akalala chini yake kwa namna iliyotufahamisha kwamba hana haraka. Tukaingia kwenye kibanda cha chai. Nilikula ningu wa mchuzi, samaki mwenye miba mingi kuliko nyama, anayehitaji mtu asiyetazama pembeni. Nami sikutazama pembeni. Hilo ndilo lililoniponza.

Abiria mwenzangu, mzee mchangamfu aliyewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, alikuwa akiuliza habari za mzigo wangu tangu Bunda. Nilikuwa nimemweleza kwamba humo ndani mna vioo vya picha. Niliponyanyua kichwa kutoka kwenye ningu, alikuwa amefungua kisanduku kimoja juani, amekiinua, anakipindua huku na huku.

"Mbona hamna mtu?" akaniuliza.

"Mzee! Umekiua!"

"Nimeua nini? Nimekuambia hamna mtu humu. Kitupu! Huyo wa Bunda amekuibia."

"Mtu angeingia baadaye!"

Akakitazama tena kile kioo, akanitazama mimi.

"Nilichimba miaka mingi," akasema kwa upole, "nikiambiwaga dhahabu itaonekana baadaye. Mdogo wangu, rudi ukadai chako."

Kibanda kizima kilikubaliana naye. Mama wa chai aliongeza kwamba wapiga picha wote ni waongo, yeye aliwahi kupigwa akatoka mweusi kuliko alivyo. Nikachukua kioo cha mwisho, nikakifunga ndani ya shati, nikakipakata kama mtoto hadi lori lilipopata nafuu.

Butiama

Kutoka njia panda nilikwenda kwa mguu, sanduku mgongoni, miguu mitatu ya mbao begani. Bega hili ndilo ambalo hakuna kati yenu aliyeliuliza.

Nilishangaa watu wa kwetu kuwa wapole. Kila niliyempita alinisalimia kutoka mbali, kisha akaondoka upesi. Mwanamume mmoja aliacha jembe, akanijia.

"Bwana, shamba hili linaonekana kubwa kwa sababu ya mteremko. Ukilishukia ni dogo sana."

"Hongera," nikasema.

"Na ile ng'ambo si yangu. Sijui ni ya nani. Usiiandike."

Ndipo nilipoelewa. Mara ya mwisho mtu mwenye miguu mitatu ya mbao kupita pale, alikuwa mpimaji kutoka bomani, na alipoondoka watu walijikuta mipaka yao imehama. Nikamwambia mimi ni Magesa, nakuja kumpiga picha shangazi. Akacheka sana, cheko la mtu asiyeamini hata neno moja, akanipa ndizi za kumpelekea.

Shangazi alinipokea mlangoni. Amepungua, jamani. Lakini pua ni ileile, ndefu kidogo, imepinda upande wa kushoto. Nilisimama naitazama kama mjinga.

"Nimesikia ulinipita," akasema.

"Nilifuata vifaa, shangazi."

"Umevipata?"

"Nimepata."

"Haya. Kuna maji ya kuoga. Na shati liko kitandani."

Shati lilikuwa jeupe, jipya, limenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Nikadhani ni heshima kwa mgeni. Uwanja ulikuwa umefagiwa hadi unaonyesha mistari ya ufagio, na katikati palikuwa na kiti kimoja. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa nguo za shambani. Nikajiambia atabadilisha, wazee hawapendi kuharakishwa.

Nikasimamisha kamera. Akaizunguka mara kadhaa.

"Nataka kuona unachoonaga wewe humo," akasema. "Nenda ukakae."

Nikakaa. Akajifunika kitambaa cheusi. Kisha nikasikia sauti yake kutoka ndani, kama mtu aliye kisimani.

"Umepinduka."

"Ndivyo inavyoonyesha, shangazi. Kwenye picha nitakaa sawa."

"Miguu yako siioni."

"Inamisha mbele kidogo."

Akainamisha. "Sasa naiona. Yote miwili." Akatoka.

Nikaja, nikafunga jicho la mbele, nikachomeka kioo cha mwisho, nikavuta kifuniko, nikafuta jasho.

"Tayari. Sasa njoo ukae, shangazi. Ukitaka ubadilishe nguo kwanza, nakusubiri."

"Nibadilishe za nini? Kaa wewe."

"Mimi?"

"Shati nimemvalisha nani?"

"Shangazi, kioo ni kimoja tu. Kimebaki kimoja! Na uliniita nije na kamera."

"Nilikuita uje na kamera. Nilisema nataka kupigwa picha?"

Nilijaribu, jamani. Nilimweleza meli, dagaa, Musoma, Bunda, Kiabakari. Nilimweleza kwamba nikiwa mbali sura yake inanitoka. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika ule mpira.

"Uso wangu haujapotea," akasema. "Uko hapahapa Butiama, anayeutaka anajua njia. Aliyepotea ni wewe. Ukiondoka sijuagi unakula, umekonda, umekufa. Nitamuuliza nani? Mchuuzi wa ngozi? Kaa, Magesa."

Kuna watu ambao mtu anaweza kubishana nao. Shangazi wa upande wa baba si mmoja wao. Nilikaa.

"Bonyeza, achia," nikamwelekeza. "Usisahau kuachia."

"Wewe tulia. Maisha yako yote, leo tu, tulia."

Akabonyeza. Nikasikia jicho likifumbuka. Nikasubiri kulisikia likifumba, na halikufumba. Alikuwa amesimama kando ya lile kabati la mbao, ameukamata mpira kwa mkono wote, ananitazama. Hakutazama kamera. Ananitazama mimi, kuanzia nywele hadi viatu, tena kuanzia viatu hadi nywele. Nilijua kioo kinaungua. Fundi yeyote angepiga kelele. Sikutikisa hata kope.

"Haya," akasema mwishowe, akaachia.

Kurudi

Bunda, Fundi Rajabu alisafisha kioo, akakiinua kwenye mwanga, akanuna.

"Nani amepiga huyu? Alisahau kuachia."

"Hakusahau."

Picha ilitoka imepauka. Nimekaa pale kama mtu aliyemwagiwa unga, uwanja umekuwa ukungu, mistari ya ufagio haionekani. Lakini miguu ipo, yote miwili, na hakuna mahali nilipotikisika. Rajabu aliitazama muda mrefu, akasema kwa kazi hii yeye angerudisha malipo, kisha akaniomba abaki nayo iwe ya mfano. Nikakataa. Niliituma Butiama kwa mkono wa yule mama jirani, niliyemkuta sokoni Bunda, nikachukua sanduku langu la sabuni, nikapanda lori la Mwanza. Meli nimeikoma.

Kwa hiyo nyinyi mnaotaka kujua kamera ipi mnunue, mabingwa wameshanena: ndogo yenye lenzi kali, au kubwa yenye vioo. Moja haina filamu, nyingine haina bega litakaloibeba. Chagueni.

Na mnaouliza picha iko wapi: iko ukutani Butiama, mkabala na mlango. Mchuuzi wa ngozi amepita juzi, anasema shangazi huionyesha kwa kila mgeni akianzia chini, viatu kwanza. Yake sina. Ile pua nilikuja nayo vizuri hadi Bunda, hata Mwanza nilifika nayo. Asubuhi hii nimeamka, nimejaribu kukumbuka imepinda upande gani, nikasimama pale chumbani nikibahatisha. Lori la Musoma linaondoka kesho, nitashuka njia panda. Safari hii sibebi kitu.